Kadi ya Kupumzika

Si vitabu vilivyomtia Mama Pasi wazimu wa maktaba. Ni viti.

Siku hiyo alikuwa ametumwa na bosi wake kupeleka mapazia ya maktaba, yaliyoletwa dukani kufuliwa na kupigwa pasi. Aliyabeba begani yakiwa yamekunjwa vizuri ndani ya nailoni, akaingia mlango mkubwa huku akitegemea kuambiwa azunguke nyuma, kama anavyoambiwa kila mahali. Hakuambiwa. Mlinzi alimwelekeza kwa kidevu tu, naye akajikuta ndani ya ukumbi mrefu wenye mapangaboi yanayozunguka polepole, na humo akaona watu wamekaa. Wamekaa tu. Mzee mmoja alikuwa amefungua gazeti na kufumba macho. Msichana mmoja alikuwa na kitabu mapajani, anatazama dirishani. Hakuna aliyekuwa anauza kitu, hakuna aliyekuwa anasubiri daktari, na hakuna aliyekuwa anaulizwa wewe una shida gani hapa.

Yeye kazi yake ni kusimama. Tangu duka la dobi linapofunguliwa mpaka linapofungwa yuko wima nyuma ya meza ya pasi, na jioni miguu huwa imejaa mpaka ndala zinaacha alama. Nyumbani kiti ni kimoja, nacho kiko kando ya kitanda cha mumewe, kimebeba dawa, kikombe na redio mbovu. Kwa hiyo alipoviona viti vile vya mbao, vina migongo, vingine havina mtu, mate yalimjaa mdomoni kama mwenye njaa.

"Samahani, kaka," alimuuliza mkutubi, kijana aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni. "Hawa wanalipa ili wakae?"

"Hawalipi. Wana kadi."

"Na hiyo kadi inapatikanaje?"

Kijana alimtazama yeye, kisha akayatazama mapazia. "Ni ya mtoto wako?"

"Watoto wangu wana watoto wao, na wako mbali. Ni ya kwangu."

Mkutubi alitoa karatasi akaanza kumjazia. Aliuliza jina, akaliandika. Aliuliza mtaa, akauandika. Halafu akauliza, "Sababu ya kujiunga? Masomo, utafiti au kazi?"

"Kukaa," alisema Mama Pasi.

"Kukaa hakumo, mama."

"Basi weka kusoma hadithi. Usinione hivi, shule ya msingi niliimaliza, na mwandiko wangu ulikuwa unabandikwa ukutani wenzangu wauone."

Kijana alijikuna kichwa. Hadithi haikuwa masomo, wala utafiti, wala kazi. Mwishowe aliandika pembeni ya karatasi, mahali pasipo na nafasi ya kuandika: kupumzika. Akampa karatasi atafute mdhamini, mtu mwenye biashara au ajira ya kueleweka, na mhuri. Kitabu kikipotea au kikiharibika, alisema, maktaba haina shida na wewe, inamfuata mdhamini.

Mama Pasi alimjua mtu mmoja tu mwenye mhuri.

*

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utani, na utani wake siku zote ulimwangukia mtu asiyeweza kumrudishia. Aliisoma ile karatasi ameegemea kaunta, akafika kwenye lile neno la pembeni, akaita duka zima.

"Njooni mwone! Sababu ya kujiunga: kupumzika!" Alimgeukia Mama Pasi. "Sasa mama, haraka ya nini? Siku yako ya kupumzika itakuja yenyewe. Tutachanga sanda, tutakuja wote, na duka nitalifunga mpaka saa sita."

Wafuaji walicheka. Mwenzake wa kukunja nguo alicheka mpaka akakaa juu ya bunda la mashuka. Mama Pasi naye akacheka, tena kwa sauti, maana mhuri ulikuwa bado haujagonga karatasi.

"Lakini sikiliza," Bosi alisema akiupulizia mhuri pumzi ili upate unyevu. "Jina lililo hapa ni langu. Ukiniaibisha, nakata kwenye mshahara wako."

"Ndiyo, bosi. Mungu akuzidishie."

Kadi ilitoka baada ya majuma kadhaa ya njoo kesho. Ilikuwa ndogo, ngumu, inang'aa, na juu yake limeandikwa jina lake kamili, lile ambalo halikuwa limetamkwa na mtu tangu siku ya ndoa. Chini yake pameandikwa kwamba itaisha mwisho wa mwaka. Aliifunga ndani ya kitambaa akaitia kifuani, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiigusa ahakikishe haijaanguka.

*

Siku ya Jumamosi wapiga pasi huachiwa saa sita mchana. Jumamosi ya kwanza Mama Pasi alikaa. Hakufanya lolote jingine. Alichagua kiti cha karibu na dirisha, chini ya mapazia ambayo aliyapiga pasi mwenyewe, akavua ndala chini ya meza, akatandaza vidole vya miguu kwenye sakafu ya baridi. Alikaa hivyo mpaka akaona mkutubi anamtazama. Hapo akaona haya, akachukua kitabu cha kwanza kilichokuwa karibu ili aonekane ana shughuli.

Kilikuwa kitabu cha zamani, karatasi zake zimegeuka rangi, jalada lake limevikwa plastiki. Kilihusu stesheni masta wa stesheni ndogo ambayo treni husimama pale kama imelazimishwa. Siku moja mkewe alipanda treni na kapu la sokoni, akasema atarudi jioni, na jioni hakurudi. Masta hakuweza kumfuata, kwa sababu ni yeye anayepeperusha bendera, na treni haiwezi kuondoka bila bendera. Basi akawa anamuuliza kila abiria anayeshuka: umemwona mwanamke mwenye kapu?

Mama Pasi alisoma kwa kidole, midomo ikichezacheza. Alipoinua kichwa, taa zilikuwa zimewashwa na mkutubi anafunga madirisha. Hakukumbuka mara ya mwisho mchana ulipompita bila kumdai kitu. Alivaa ndala zake, na kwa mara ya kwanza ziliingia bila kubana.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine tena. Alijua sasa kwamba mzee wa gazeti hukoroma kidogo, na kwamba ukikaa kiti cha pili kutoka ukutani pangaboi linakupata sawasawa. Mlinzi alianza kumsalimia, "Msomi, habari za leo?" na yeye akijibu, "Njema tu, mwanangu," kwa sauti ya mtu mwenye mambo yake.

*

Mumewe alikuwa fundi wa mabango. Nusu ya maduka ya mtaa ule majina yao aliyachora yeye, mpaka siku ngazi ilipoteleza chini yake, na tangu hapo miguu haikumsikia tena. Watu bado walimwita Fundi Mabango, ingawa rangi zake zilikwisha kauka kwenye makopo chini ya kitanda. Mtu aliyelala siku nzima akitazama mlango ana muda mwingi wa kuhesabu mambo, na Fundi Mabango alikuwa ameanza kuhesabu Jumamosi.

"Duka linafungwa saa sita," alisema jioni moja, kabla mkewe hajaweka hata mkoba chini. "Wewe unaingia jua limezama. Usinifanye mtoto."

"Nilikuwa maktaba, Baba watoto."

"Maktaba." Alilitafuna lile neno. "Na huyo Maktaba ana gari, au mnatembea kwa miguu?"

Mama Pasi alicheka, hakuweza kujizuia. Kisha akamtazama vizuri akaona macho ya mumewe yamejaa machozi. Alitoa ile kadi kifuani, akaifungua kwenye kitambaa, akampa. Fundi Mabango aliigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya herufi za jina la mkewe kama alivyokuwa akikagua rangi kama imekauka.

"Herufi zimebanana," alisema hatimaye. "Ningechora mimi ningeziachia nafasi."

Lakini hakuwa ameamini, na mkewe alijua. Ndiyo sababu Jumamosi iliyofuata, badala ya kukisomea pale, alikiazima kile kitabu, kabla hajakimaliza, akakileta nyumbani. Alikileta kama ushahidi.

Alianza kumsomea jioni hiyohiyo, amekaa ukingoni mwa kitanda. Siku ya kwanza Fundi Mabango aligeukia ukuta akajifanya amelala. Mke wa stesheni masta alipopanda treni na kapu lake, akageuza shingo. Siku ya pili alikuwa anagombana na watu wa kitabuni.

"Mpumbavu huyu! Si apande treni amfuate?"

"Atamwachia nani bendera?"

"Bendera, bendera. Mke anaondoka yeye ameshika bendera." Aliitazama miguu yake. "Na kama ana miguu lakini hawezi kwenda, ana tofauti gani na mimi?"

Mkewe aliendelea kusoma. Tuseme wazi: walikuwa na furaha. Tangu ngazi ile iteleze, maneno yaliyobaki kati yao yalikuwa ya dawa, mkojo na mkaa umeisha. Sasa asubuhi, wakati Mama Pasi anajifunga kanga aende kazini, mumewe alikuwa anamuuliza, "Hivi unafikiri huyo mwanamke ana mtu huko, au alichoka tu?" Na yeye akawa anaifikiria ile habari akiwa juu ya kola za watu, pasi inakwenda na kurudi, anatabasamu peke yake.

Walifika mahali ambapo simu ya upepo inaingia stesheni: mwanamke mwenye kapu ameonekana akipanda treni, na treni inakuja huku. Ilibaki sura moja tu.

"Soma," alisema Fundi Mabango.

"Kesho, mume wangu. Macho hayaoni."

"Soma hiyo moja tu, tuimalize!"

Alifungua kinywa asome, usingizi ukamchukua palepale alipokaa, kitabu kikiwa mapajani. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa mvivu, alikuwa amepiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni kutwa nzima.

Fundi Mabango alimwacha alale. Yeye herufi alizijua zote kwa sura, alizichora kubwa na ndogo, zenye vivuli na zisizo na vivuli, lakini zikishikana kuwa hadithi zilimshinda mwendo. Ila hakuhitaji hadithi nzima. Alihitaji neno moja. Kama neno mke limo kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, alijiambia, basi mwanamke amerudi. Alinyoosha mkono polepole, akakivuta kitabu kutoka mapajani mwa mkewe, akakifungua kwa nyuma, akakilaza kitini chini ya taa. Alilitafuta. Akaliona. Akaruka kwa furaha kwa kile kiwiliwili alichobaki nacho, na kiwiko kikapiga kikombe.

Mama Pasi alishtushwa na kilio cha mumewe. Chai yote, yenye sukari nyingi kama alivyoipenda, ilikuwa imemwagika kwenye kitabu.

"Nimeharibu," mumewe alikuwa anasema. "Mama watoto, nimeharibu. Lakini nimeliona. M, K, E. Nimeliona, halafu kikombe..."

Kurasa za nyuma zilikuwa zimegandamana, na ule wa mwisho umelala juu ya jalada kama ngozi. Mama Pasi alijaribu kuubandua kwa ukucha, ukaanza kuchanika, akaacha. Hakusoma neno hata moja. Alichokiona mbele yake ni mhuri wa Bosi.

*

Huwezi kumlaumu kwa alichofanya, ukijua anakotoka. Mtu mwingine angekianika kitabu juani. Lakini Mama Pasi miaka yote ya kazi yake alikuwa ameokota noti kwenye mifuko ya suruali za wateja, noti zilizofuliwa kwa sabuni na kupigwa magongo na kukamuliwa pamoja na suruali. Alizitandaza, akazipiga pasi, zikatoka ngumu na nyororo kama zimetoka benki leo. Alizirudisha kwa wenyewe, akapewa asante. Na noti ni nini kama si karatasi yenye maandishi?

Kwa hiyo asubuhi aliwahi dukani kabla Bosi hajafika. Aliyapangusa madoa ya chai kwa mswaki na povu kidogo la sabuni. Akakifungua kitabu kwenye ule ukurasa wa mwisho, akakilaza juu ya meza ya pasi, akachukua shuka jeupe la nyumba ya wageni, safi, akalitandaza juu yake ili linyonye maji. Akawasha pasi kubwa ya mvuke.

Mwenzake wa kukunja alimwona. "Wewe! Kitabu si shati."

"Karatasi ni karatasi. Noti napiga kila siku."

"Haya. Mimi simo."

Alikandamiza. Mvuke ulipanda, na kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri, ukurasa ulikuwa unalainika chini ya mkono wake kama kola. Halafu akasikia harufu. Plastiki ya jalada, kule chini, ilikuwa inayeyuka na kushika meza. Alifanya ambacho hajawahi kufanya tangu aajiriwe: aliiweka pasi chini, akiwa amechanganyikiwa, aliilaza bapa juu ya shuka, akakishika kitabu kwa mikono miwili akivute. Gundi ya mgongo nayo ilikuwa imeyeyuka. Kitabu kilimtoka mikononi vipandevipande, kurasa zikamwagika sakafuni, na alipoikumbuka pasi, moshi ulikuwa unapanda.

Aliliinua shuka. Ukurasa wa mwisho ulitoka nalo kama gamba la kidonda, ukabaki ukoko mweupe usio na neno. Maneno yalikuwa yamehamia kwenye shuka, meusi, yamegeuka kinyume, na kando yake alama ya pasi, nzima, kahawia, na ncha yake.

"Bosi huyo," alinong'ona mwenzake.

Bosi alipoambiwa, alicheka kwanza. Alirudia mara nyingi, "Umepiga pasi kitabu? Kitabu, mama?" Alimwita hata muuza maji wa nje aje asikie. Kisha akaona shuka ni la nani, na kicheko kikakoma.

"Hii nyumba ya wageni ndiyo inayotuweka mjini, unajua hilo? Shuka lao unalipa wewe. Kitabu cha serikali nadaiwa mimi, kwa sababu mdhamini ni mimi." Alijifuta jasho shingoni. "Mshahara wako wote hautoshi kukata. Utafanya kazi Jumamosi mchana kutwa, mpaka deni la vyote viwili liishe."

"Jumamosi, bosi?"

"Kwani una miadi?" Alilikunja shuka akamtupia. "Hili ni lako sasa, umeshalinunua. Ulitaka kupumzika, haya, pumzika."

*

Aliomba ruhusa ya kwenda kukirudisha. Mkutubi alikitoa kwenye mfuko wa nailoni kipande kwa kipande, akakipanga mezani. Kurasa za katikati zilikuwa nzima. Za mwisho zilikuwa zimebanikwa kingo kama mikate.

"Mama, hiki kimepatwa na nini?"

"Nilikipiga pasi."

Wanafunzi waliokuwa meza ya karibu waliinamisha vichwa, mabega yao yakitikisika. Mkutubi hakucheka. Labda ingekuwa afadhali angecheka. Aliingia kwenye kompyuta, akatafuta, akavua miwani ikaning'inia kwenye kamba.

"Kilikuwa hiki kimoja tu. Wachapaji wake walikwisha kufunga zamani. Kisichopatikana tena bei yake inakuwa kubwa zaidi, ndiyo kanuni, barua itakwenda kwa mdhamini wako."

"Naomba niulize kitu kimoja, mwanangu. Yule mke wa stesheni masta, alirudi?"

Kijana alimtazama asielewe. Alipoelewa, akatikisa kichwa. "Mimi sijakisoma, mama. Kazi yangu ni kuvitunza."

Mama Pasi aliitoa kadi, akaiweka mezani. Mkutubi akamrudishia.

"Kadi siichukui. Kadi yako ni nzima. Ukimaliza kulipa utaendelea kama kawaida."

"Nitamaliza imeshaisha muda."

"Basi utaomba nyingine, na mdhamini."

Aligeuka aondoke, akakiona kiti cha pili kutoka ukutani. Hakikuwa na mtu. Miguu ilikuwa inamwaka moto kwa kutembea kwenye jua, na pangaboi lilikuwa linazunguka bure.

"Naweza kukaa kidogo tu? Sitashika kitabu."

Mkutubi alitazama chini. "Kadi yenye deni hairuhusiwi ukumbini, mama. Si mimi, ni kompyuta inayokataa."

Kompyuta ilikuwa imewapa kisogo wote wawili. Mama Pasi alisema asante, kwa sababu hakujua neno jingine la kusema mahali kama pale, akatoka. "Msomi, leo mapema?" alisema mlinzi. Alimpungia mkono.

*

Shuka alilitandika kitandani kwa mumewe. La zamani lilikuwa limechanika, na lile alikuwa amelilipia, au atalilipia. Alipomgeuza ubavu alitandike, Fundi Mabango aliona yale maandishi karibu na mto.

"Subiri. Hapa pana nini?"

"Ni uchafu wa kitabu. Nitalitia dawa ya kutoa madoa litoke."

"Usiguse!" Aliivuta ile sehemu usoni. "Haya ni maandishi. Yako kinyume tu. Mimi vioo vya maduka nilikuwa navichora kwa ndani, ili nje yasomeke. Kinyume ndiyo kazi yangu."

Mama Pasi alichutama kando ya kitanda. Mumewe aliweka kidole kwenye shuka, kikaanza kutembea kutoka kulia kwenda kushoto, kikisimama kwenye kila herufi. Mistari ya juu ilikuwa imevurugika, wino umetambaa. Alishuka mpaka mstari wa mwisho.

"M. K. E. Si nilikwambia! Nililiona." Kidole kilisogea. "W. E. Mkewe."

"Mkewe," alisema Mama Pasi.

"H. A." Kidole kilisogea tena, kikaingia kwenye ile alama ya kahawia ya pasi, kikasimama.

"Halafu?"

"Halafu umeunguza."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, magurudumu yakilia.

"Mkewe hakurudi," alisema Fundi Mabango. "Mkewe hakushuka. Mkewe hakuonekana tena. Chagua."

"Hatimaye nayo inaanza na ha," alisema mkewe. "Mkewe hatimaye akashuka. Inawezekana."

"Inawezekana." Aliuondoa mkono kwenye shuka. "Unasema hivyo kwa sababu unanihurumia. Nilipoliona lile neno nilidhani limemaliza kila kitu. Kumbe hata asiporudi, bado anaitwa mkewe."

Mama Pasi angeweza kumtungia mwisho, alikuwa na akili ya kutosha kutunga, lakini mumewe alikuwa ameziona zile herufi kwa macho yake na asingedanganyika. Alimfunika, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Shuka hakulitia dawa.

*

Jumamosi ikawa kama siku nyingine, tena mbaya zaidi, kwa sababu mchana wa Jumamosi wenzake wote wameondoka na hakuna hata wa kupiga naye soga. Alipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Bosi alikuwa akipita akisema, "Msomi wetu, maktaba inaendeleaje?" na yeye akicheka kidogo. Miguu ilirudi ilivyokuwa, ikapita hapo. Kadi aliibeba kifuani mwanzoni, halafu akaiacha nyumbani chini ya kikombe cha mumewe, kwa sababu jasho lilikuwa linaila.

Jumamosi moja alirudi giza linaanza kuingia, ndala mkononi, maana miguuni hazikuwa zinaingia tena. Alipokaribia mlango alisikia sauti ndani. Alikuwa muuza mkaa, mama mmoja mwenye sauti ya juu, amekuja kudai pesa ya gunia lake, na anauliza kama wadai wote wanavyouliza.

"Na mkeo yuko wapi saa hizi? Si Jumamosi leo?"

Mama Pasi alinyoosha mkono asukume mlango. Akasikia mumewe anajibu, polepole, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia zamani akiwa juu ya ngazi na watu wamesimama chini wanamtazama anavyochora.

"Ndiyo, ni Jumamosi. Jumamosi mke wangu huwa maktaba. Ana kadi yake, hii hapa, soma mwenyewe jina. Wana viti vizuri kule, vina migongo, na pangaboi juu. Anakaa, anasoma hadithi zake. Akirudi ananisimulia."

"Maktaba!" alisema muuza mkaa. "Haya, wenye raha zao. Na anafanya nini huko siku nzima?"

"Anapumzika."

Mama Pasi alirudisha mkono. Angeingia, muuza mkaa angeiona ile miguu. Alizunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapana hata jiwe la kukalia, akaegemea ukuta, akasimama pale akingoja mgeni aondoke.